Bibi Hazen na Dawa ya Kuvu

Maradhi yaliyodharauliwa, 1841–1940

Miongoni mwa maradhi yampatayo binadamu, yale yaletwayo na kuvu yalitambuliwa mapema na wataalamu, walakini yalichelewa mno kupatiwa dawa. Mwaka 1841 David Gruby, tabibu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi zake Paris, alionyesha kwa hadubini kwamba mapunye ya aina moja, yale yanayoota magamba ya manjano kichwani, hutokana na kuvu, na mwaka uliofuata akaieleza kuvu inayotandaza utando mweupe katika vinywa vya watoto wachanga. Na hayo aliyabainisha zaidi ya miaka 30 kabla ya Robert Koch kuthibitisha, mwaka 1876, kwamba kimeta huletwa na bakteria. Mwisho wa karne ile Raymond Sabouraud, naye wa Paris, alizipanga kuvu za ngozi na nywele kwa aina zake, akatengeneza chakula cha kuzioteshea maabarani ambacho hata leo huitwa kwa jina lake, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kikubwa juu ya maradhi hayo.

Pamoja na juhudi hizo, matabibu wengi waliendelea kuyahesabu maradhi ya kuvu kuwa ni adha ya ngozi tu: choa, mba na mapunye, maradhi ya kuudhi na kuaibisha, wala si ya kuua. Tiba zilizokuwapo zilikuwa za kubahatisha. Mtoto mwenye mapunye aliweza kuchomwa kwa mionzi ya eksirei mpaka nywele zikapukutika. Mwenye utando mdomoni alipakwa dawa ya zambarau. Na yule aliyeingiwa na kuvu mapafuni au ubongoni hakuwa na tumaini la maana. Sababu ya udhaifu huo ilikuwa katika maumbile yenyewe, kwa kuwa chembe ya kuvu, kinyume cha chembe ya bakteria, ina kiini kilichozungushiwa utando na imekaribiana sana na chembe ya mwanadamu, hata sumu iwezayo kuiua ya kwanza aghalabu humdhuru na mwenye kuibeba. Kazi ya kuivuka pingamizi hiyo ilimwangukia mwanamke mmoja wa Marekani, mtumishi wa serikali aliyeianza akiwa anakaribia umri ambao wengine hustaafu.

Yatima wa Mississippi, 1885–1927

Elizabeth Lee Hazen alizaliwa tarehe 24 Agosti 1885 huko Rich, kijiji cha wakulima wa pamba katika jimbo la Mississippi, na kabla hajatimiza miaka minne alikuwa amekwisha kufiwa na baba na mama. Amu yake, aliyekuwa akiishi Lula, alimchukua yeye na dada yake akawalea pamoja na watoto wake mwenyewe, na hakuwanyima elimu, ingawa katika kusini ya Marekani ya siku zile kumsomesha msichana mpaka chuo kulikuwa jambo la wachache. Akaingia chuo cha jimbo cha wanawake kilichokuwa mjini Columbus, akahitimu mwaka 1910, kisha akafundisha elimu ya viumbe na fizikia katika shule ya sekondari mjini Jackson, huku likizo zake akizitumia kusoma katika vyuo vikuu vya Tennessee na Virginia.

Mwaka 1916 aliacha ualimu akaenda New York kujiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka mmoja baadaye akapata shahada ya pili. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia Wamarekani, alitumika katika maabara za jeshi za kupimia maradhi, katika kambi za Alabama na New York, na vita vilipokwisha akawa naibu mkuu wa maabara ya hospitali moja huko West Virginia. Alirejea Columbia mwaka 1923, na mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 42, akatunukiwa udaktari wa falsafa katika elimu ya vijidudu, kwa utafiti uliohusu sumu. Njia yake basi ilikuwa ndefu, yenye vituo vingi. Lakini kila kituo kilimwachia ustadi fulani, na ule wa kupima haraka na kwa uhakika katika maabara ya jeshi na ya hospitali ndio uliokuja kumfaa kuliko yote.

Katika maabara ya serikali, 1931–1944

Mwaka 1931 Bibi Hazen aliajiriwa na Idara ya Afya ya Jimbo la New York, katika tawi la maabara zake lililokuwa mjini New York, chini ya uongozi wa Augustus Wadsworth, mtu aliyeshika kwa nguvu itikadi kwamba maabara ya serikali haipaswi kungoja maradhi yaletwe mlangoni, bali iyafuate yalikoanzia. Kwa mwenye tabia ya udadisi mahali hapo palikuwa pema. Ulipozuka ugonjwa wa kimeta, Bibi Hazen aliufuatilia nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kiwanda cha brashi katika wilaya ya Westchester. Na walipokufa watu kwa kula samaki wa makopo waliotoka ng'ambo, ni yeye aliyetambua, kwa mara ya kwanza katika Amerika ya Kaskazini, kwamba walikuwa wameuawa na ile aina ya sumu ya bakteria ambayo wataalamu huiita aina E.

Katika maabara hizo hizo, lakini mjini Albany ulio makao makuu ya jimbo, maili zipatazo 150 kaskazini, alikuwako mtumishi mwingine, mkemia Rachel Fuller Brown, mzaliwa wa Springfield katika Massachusetts, mwaka 1898. Baba yake aliihama nyumba angali binti, mama akabaki kutafuta riziki kwa kazi ya ukarani, na Rachel asingeliweza kwenda chuo lau si hisani ya bibi mmoja tajiri, sahibu wa nyanya yake, aliyemlipia karo katika chuo cha Mount Holyoke. Huko alikwenda kwa nia ya kusoma historia, akaipenda kemia, na baada ya masomo ya juu Chicago akaingia kazini Albany mwaka 1926, ambako alitumia miaka mingi kuzichambua sukari zinazoivika bakteria ya nimonia, kazi iliyosaidia kuutambua na kuukinga ugonjwa huo. Kwa muda wa miaka mingi wanawake hawa wawili walilipwa na mwajiri mmoja pasipo kufanya kazi pamoja.

Neema iliyozaa mashaka, 1944–1948

Mabadiliko yaliletwa na ushindi wa wengine. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928 na ambayo wataalamu wa Oxford waliigeuza kuwa dawa mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa ikiokoa askari na raia kwa maelfu. Na mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, huko New Jersey, ikapatikana streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongoni, wale waotao nyuzi nyuzi. Bakteria waliokuwa wakiua watu tangu zamani walianza kushindwa. Lakini ndani ya mwili wa binadamu, katika kinywa, matumbo na uke, bakteria na kuvu huishi pamoja wakizuiana. Na dawa hizi mpya, kwa kuwaua bakteria wabaya na wema pamoja, ziliziachia kuvu uwanja mtupu. Wagonjwa waliopona nimonia walitoka hospitali wakiwa na vidonda vyeupe mdomoni na kooni, na baadhi yao kuvu iliwashuka tumboni.

Wadsworth aliiona hatari hiyo mapema, na mwaka 1944 akamkabidhi Bibi Hazen kazi ya kuzichunguza kuvu na uhusiano wake na vijidudu wengine. Yeye, aliyekuwa bingwa wa bakteria, hakuona haya kurudi darasani: alikwenda tena Columbia, katika maabara ya kuvu iliyokuwa chini ya Rhoda Benham, mojawapo ya maabara za mwanzo za namna hiyo nchini Marekani, akajifunza kuzitofautisha kuvu kwa sura na kwa tabia, na kidogo kidogo akajikusanyia hazina ya kuvu hai zilizotolewa kwa wagonjwa. Hazina hiyo ilimwezesha kuwasaidia matabibu wa jimbo zima kutambua maradhi yaliyowatatiza; lakini kila alipowapa jina la ugonjwa, aliwapa jina lisilo na dawa. Ndipo alipoazimia kuitafuta dawa yenyewe, na kwa kuwa Waksman alikuwa ameipata yake udongoni, naye akaelekeza macho kwenye udongo.

Mitungi njiani kati ya miji miwili, 1948–1950

Kutafuta dawa udongoni kulihitaji elimu mbili, ya vijidudu na ya kemia, na Bibi Hazen alikuwa na moja tu. Mwaka 1948 Gilbert Dalldorf, aliyemrithi Wadsworth katika ukuu wa maabara, alimkutanisha na Bibi Brown, na hapo ukaanza ushirikiano ambao sehemu yake kubwa ulipitia mikononi mwa watu wa posta. Kazi ilikwenda hivi. Bibi Hazen aliuchukua udongo, akauchanganya na maji ya chumvi yaliyotakaswa, akauotesha, akawatenga bakteria wa nyuzi mmoja mmoja, na kila mmoja akamjaribu juu ya kuvu mbili: Candida albicans, iletayo utando wa mdomoni na muwasho wa ukeni, na Cryptococcus neoformans, ishambuliayo mapafu na utando wa ubongo. Aliyeonekana kuziua alioteshwa kwa wingi, akatiwa katika mtungi wa kioo wa aina ile ambayo akina mama wa Kimarekani huhifadhia matunda, akapelekwa Albany kwa posta. Huko Bibi Brown alimtia katika vimiminika mbalimbali, akachuja, akakausha, akitafuta ni kitu gani hasa ndani ya mchanganyiko ule kilichokuwa na nguvu ya kuua. Na akisha kukipata, alikirudisha New York kwa njia ile ile, kijaribiwe tena juu ya kuvu, kisha juu ya wanyama.

Hapo ndipo tumaini lilipokuwa likivunjika. Udongo mwingi ulitoa kitu cha kuua kuvu, lakini takriban vyote vilivyoziua kuvu viliwadhuru na wanyama, na mtungi baada ya mtungi ukafutwa katika daftari. Udongo uliokuja kubadilisha mambo ulitoka kwenye ardhi ya marafiki wa Bibi Hazen, jamaa ya Nourse, waliokuwa na shamba karibu na Warrenton katika jimbo la Virginia, ambako alikuwa amekwenda kupumzika. Katika udongo huo alikuwamo bakteria ambaye hakuwa amepata kuelezwa, akaandikwa kwa nambari 48240, na baadaye akapewa jina la Streptomyces noursei kwa heshima ya wenye shamba. Bibi Brown alipomchambua alikuta kwamba alitoa vitu viwili vya kuua kuvu, si kimoja. Cha kwanza kilikuwa sumu kali kwa wanyama, nacho kikawekwa kando; cha pili, kilichotokea kuwa unga wa fuwele ndogo ndogo, kiliziua kuvu nyingi, wala hakikuwadhuru wanyama kama vile vilivyotangulia.

Ikiwa Bibi Brown angaliridhika na jawabu la kwanza, nambari 48240 ingalifutwa kama nyingine zote. Na siri ya usalama wa kitu kile cha pili, iliyoelezwa kwa ukamilifu miaka ya baadaye, ilikuwa hii: utando wa chembe ya kuvu umejengwa kwa mafuta yaitwayo ergosteroli, ilhali ule wa mwanadamu umejengwa kwa kolesteroli, dawa huing'ang'ania ergosteroli, hutoboa matundu katika utando, yaliyomo ndani yakavuja, na kuvu ikafa. Tena dawa hiyo ikimezwa haipenyi kutoka matumboni kuingia damuni ila kwa kiasi kidogo sana, basi hufanya kazi yake mdomoni na tumboni kisha hutoka na choo.

Kutoka maabarani hadi kwa mgonjwa, 1950–1957

Katika vuli ya mwaka 1950 wanawake hao waliutangaza uvumbuzi wao katika mkutano wa Chuo cha Taifa cha Sayansi uliofanyika Schenectady, katika jimbo lile lile la New York. Kwanza waliiita dawa yao fungisidini, kisha wakatambua kwamba jina hilo lilikwisha kutumiwa, wakalibadili kuwa nistatini, kwa kulitukuza jimbo lililowalipa mishahara. Habari zilipoenea, makampuni ya dawa yalianza kubisha hodi, na watumishi hao wawili wa serikali wakajikuta katika mambo ambayo hawakuyasomea: hataza, mikataba na viwanda. Wakalikabidhi jambo hilo kwa Research Corporation, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya kuzisimamia hataza za wataalamu na kurudisha mapato yake katika sayansi. Nalo likatoa leseni kwa kampuni ya Squibb. Kampuni hiyo ilipata njia ya kuitengeneza dawa kwa wingi, na mwaka 1954 vidonge vikaingia sokoni kwa jina la Mycostatin. Hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1957. Nistatini ikawa ndiyo dawa ya kwanza ya jamii ya viuavijasumu, yaani dawa zitokanazo na vijidudu, kupigana na kuvu pasipo kumdhuru mwanadamu.

Mwaka huo wa 1954 tawi la New York lilifungwa, na Bibi Hazen, akiwa na miaka 69, akahamia Albany. Wale waliokuwa wakiandikiana kwa mitungi wakawa sasa chini ya paa moja. Mwaka uliofuata alitoa, pamoja na Frank Curtis Reed, kitabu cha kuwafundisha watu wa maabara kuzitambua kuvu ziletazo maradhi kwa njia nyepesi, kwani aliamini kwamba dawa haina faida ikiwa mpimaji hajui anachokitazama. Yeye na Bibi Brown waligundua na viuavijasumu vingine, ingawa hapana hata kimoja kilichoifikia nistatini. Bibi Hazen alistaafu mwaka 1960, lakini kustaafu kwake kulikuwa kurejea tena Columbia, katika maabara ile ya kuvu, kama mtafiti mgeni.

Mali iliyowekwa wakfu, 1957–1978

Mpaka muda wa hataza ulipokwisha, nistatini ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 13. Wavumbuzi wake hawakujitwalia chochote katika fedha hizo. Tangu mwanzo walikubaliana kwamba nusu iende katika misaada ya sayansi kwa jumla iliyokuwa ikitolewa na Research Corporation, na nusu ya pili iwe mfuko wenye majina yao, Brown na Hazen, wa kusaidia utafiti katika elimu ya viumbe na ya tiba, na hasa elimu ya kuvu. Wote wawili waliendelea kuishi kwa mishahara yao na malipo yao ya uzeeni.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa pengine kuliko dawa yenyewe. Elimu ya kuvu za maradhi ilikuwa elimu fukara. Vyuo vichache viliifundisha, na vijana walioipenda hawakuona njia ya kuishi kwayo. Kati ya mwaka 1957 na 1978 mfuko huo ulikuwa chanzo kikubwa kupita vyote vya fedha zisizo za serikali kuu kwa ajili ya elimu hiyo nchini Marekani, ukasomesha watafiti, ukagharimia maabara, na kukizaa kizazi kizima cha wajuzi waliokuwa tayari pale dunia ilipowahitaji.

Dawa nayo ilipata kazi ambazo walioivumbua hawakuzidhania. Mto Arno ulipofurika Novemba 1966 na kuuzamisha mji wa Florence, ukungu uliota juu ya picha za kale zilizochorwa katika mbao, na mafundi wa Kiitalia wakainyunyiza nistatini kuziokoa.

Heshima zilikuja taratibu. Mwaka 1975 Taasisi ya Wakemia ya Marekani iliwapa tuzo ya waanzilishi wa kemia, ambayo kabla yao haikupata kutolewa kwa mwanamke, na mwaka ule ule, tarehe 24 Juni, Bibi Hazen alifariki mjini Seattle, ambako alikuwa amekwenda kumtazama dada yake mgonjwa, naye akashikwa na maradhi asiweze kurudi. Alikuwa anakaribia miaka 90. Bibi Brown alimfuata Januari 1980. Mwaka 1994 majina yao yaliingizwa katika Jumba la Taifa la Wavumbuzi.

Yaliyofuata

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, mwaka 1977, nistatini ilikuwamo. Leo katika zahanati za Afrika Mashariki, mama amletaye mtoto mchanga anayekataa kunyonya, ulimi wake umetanda weupe usiofutika, hupewa kichupa chenye maji ya manjano na mrija wake wa kudondoshea, akaambiwa amdondoshee mwanawe mara nne kwa siku baada ya kunyonya, ayapitishe pande zote za kinywa. Maji hayo ya manjano ndiyo yaliyotoka katika nambari 48240.

Walakini ile kuvu ya pili iliyokuwa juu ya meza ya Bibi Hazen, Cryptococcus, haikumalizwa na dawa yake, kwa sababu dawa isiyoingia damuni haiwezi kuufikia ubongo. Kwa hiyo wataalamu wa Squibb waliendelea kutafuta, na katika miaka ya 1950 wakapata, katika udongo wa bonde la mto Orinoco huko Venezuela, dawa ya ukoo mmoja na nistatini, amfoterisini B, ambayo hutiwa katika mshipa na kufika ndani, ingawa huyaumiza mafigo. UKIMWI ulipoenea, na kinga za watu kuporomoka, kuvu hiyo iliyokuwa nadra iligeuka kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya ugonjwa wa uti wa mgongo kwa watu wazima wa nchi zetu, na dawa iliyotegemewa ilikuwa ndiyo hiyo ya Orinoco, pamoja na vidonge vilivyokuja baadaye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu za kutafitiwa kwa haraka, na katika daraja la juu kabisa, lenye majina manne tu, zimo zote mbili alizozichagua Bibi Hazen mwaka 1948.

Mtu akiitazama historia hii kwa insafu ataona kwamba nistatini haikutoka katika kiwanda chenye mali nyingi, wala haikutoka kwa mtu aliyejitenga na kazi za kila siku. Ilitoka katika maabara ya afya ya umma, kwa watumishi waliopima makohozi na damu za raia, wakapewa na wakuu wao ruhusa ya kuuliza swali lililozaliwa na kazi hiyo, na muda wa kulifuata mpaka mwisho. Maabara za namna hiyo tunazo, mikoani na wilayani, na wataalamu wake huziona kuvu mpya na dawa zikishindwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Wenye kugawa fedha za afya na wawape vyombo, mafunzo na nafasi ya kuchunguza, badala ya kuwahesabu kuwa ni makarani wa kuandika majibu.